Maji Laini

Kipimo kilizama. Kilitakiwa kielee shingo ikiwa juu, kama bata, lakini kilishuka ndani ya gilasi ndefu mpaka karibu shingo yote ikamezwa. Mzee alikitazama. Akakitoa, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha. Kikashuka palepale.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, mikono kifuani. Hakuhitaji kusogea ili aelewe. Kipimo kile cha kioo huelea juu zaidi kadiri maji yanavyokuwa na sukari nyingi, na maji yaliyokuwa ndani ya gilasi, yaliyotoka katika kimea kizuri cha shayiri, hayakuwa na sukari ya maana. Yalikuwa mepesi kama chai ya ofisini.

"Mara ya tatu," mzee alisema.

"Mara ya tatu," binti alikubali.

"Basi mpigie kaka yako. Mwambie aje na gari."

Mtaa mzima ulimwita Mzee Povu. Alikuwa amestaafu kazi ya kuchomelea matangi ya chuma, na kwa miaka mingi alipika bia nyumbani, katika stoo ya nyuma ya jiko, kwa ajili yake mwenyewe na watu aliowapenda. Hakuwahi kuuza hata chupa moja. Kimea alikivunjavunja, akakiloweka katika maji ya moto, akaifunika sufuria kwa blanketi kuukuu mpaka wanga ugeuke sukari. Kisha aliyachuja yale maji matamu, akayachemsha pamoja na maua machungu yaliyokaushwa, akayapoza, akatia hamira. Kila kitu kilitegemea ile hatua ya blanketi. Sukari isipopatikana hapo, haipatikani tena, na hamira haina cha kula.

Halafu kikaja kiharusi. Hakikuwa kikubwa. Kilimwachia mkono wa kulia mzito na usahaulifu ambao hakuna aliyejua ukubwa wake. Watoto wake wawili wakavutana. Kaka, ambaye alikuwa na nyumba kubwa katika mji mwingine na mke anayeshinda nyumbani, alitaka baba ahamie kwake. Binti, aliyeishi na baba lakini akishinda kazini, alitaka abaki. Mzee mwenyewe ndiye aliyekata shauri.

"Madaktari wananiuliza leo ni siku gani," aliwaambia. "Mstaafu gani anajua leo ni siku gani? Mimi nitajipima kwa sufuria yangu. Mikono ikiikumbuka kazi, nabaki. Sufuria ikinikataa, nafunga virago, na asiwepo wa kunibembeleza."

Wote watatu walikubaliana hivyo. Binti alikubali haraka kuliko wenzake, kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba sufuria ingemkubali.

Jioni ile kinyozi wa jirani alipita baada ya kufunga kibanda chake, kama ilivyokuwa desturi yake. Mzee akammiminia bia ya mpiko wa kwanza tangu atoke hospitali. Kinyozi akanywa, akameza, akatafuta maneno.

"Ina wepesi wake, Mzee."

"Wepesi."

"Wa kisasa. Vijana wanapenda hivi."

"Wewe una wajukuu wanne, vijana umewaonea wapi? Sema."

Kinyozi akamgeukia binti kuomba msaada. Hakuupata. "Inakamata ulimi," akasema taratibu. "Kama ndizi mbichi."

"Ahsante. Miaka yote umeninyoa vizuri, leo nusura uninyoe bila maji."

Kinyozi alicheka peke yake. Alipoondoka, mzee aliketi kwenye kigoda akaanza kuzifunga chupa tupu katika magazeti, moja moja, kwa mkono wa kushoto.

"Kwa nini unazifunga?" binti aliuliza.

"Nampa kinyozi. Kule kwa kaka yako hakuna stoo." Alikunja gazeti, likafunguka, akalikunja tena. "Mwanangu, wewe ni msomi. Kichwa changu kimekwisha?"

Mtu mwingine angesema hapana, Baba, usiseme hivyo. Binti alikuwa mkuu wa maabara katika kiwanda cha sabuni, na alikuwa na tabia ambayo wengi waliiona kuwa ubaridi: hakumwambia mtu jambo ambalo hajalipima.

"Sijui, Baba," alisema. "Wala wewe hujui."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama aliyepewa jibu la heshima. Binti akachuchumaa, akachukua chupa, akamsaidia kufunga. Usiku ule alimpigia kaka yake, kwa sababu aliambiwa apige, akamwambia aje Jumapili ya wiki inayofuata. Alipokata simu alikaa kitandani muda mrefu akiwa bado ameishika.

Jumatatu alikuwa kazini akipima maji ya kiwanda. Katika sabuni adui ni mmoja, naye ni kalsiamu, madini yanayoyafanya maji kuwa magumu. Hushikana na sabuni na kuifanya utando wa kijivu usiotoa povu wala kusafisha. Nusu ya kazi ya maabara yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna chembe yake inayopita mlangoni. Alitia dawa ya rangi katika chupa ya maji, kisha tone la kwanza la dawa ya kupimia. Wekundu ukageuka buluu papo hapo. Maji laini kabisa. Kila asubuhi aliiona buluu hiyo na kila asubuhi ilimridhisha.

Safari hii hakuiweka chupa chini. Alikuwa amekumbuka mtungi.

Mzee alipokuwa hospitali, binti alimwita fundi bomba akafunga mtungi wa kulainisha maji nje ya ukuta wa jiko. Maji ya mtaa wao yalikuwa magumu kupindukia. Birika lilifanya magamba meupe ndani, na koki zilikuwa zimeganda kiasi cha kuhitaji mikono miwili. Mtungi ulimaliza yote hayo. Sabuni ikaanza kutoa povu, birika likang'aa, naye akaona fahari, maana ilikuwa kazi yake ya kila siku ameileta nyumbani.

Kwa hiyo kichwa cha baba na maji ya nyumba vilikuwa vimebadilika kwa mpigo mmoja. Mambo mawili. Naye, aliyewakaripia wasaidizi wake kwa kosa hilohilo, alikuwa amehesabu moja tu.

Aliketi, akaanza kulifuatilia jambo hilo hatua kwa hatua. Maji ya kwao hayakuwa na kalsiamu peke yake. Yalikuwa pia na alkali, ndugu wa magadi. Mtungi huondoa kalsiamu, alkali huiacha ilivyo, na katika sabuni hakuna anayejali, kwa sababu sabuni yenyewe ni mtoto wa alkali. Lakini kimea si sabuni. Vimeng'enya vya kimea, vile vinavyoukata wanga kuwa sukari, hutaka uchachu kidogo. Alkali huua uchachu. Kalsiamu, ikikutana na kimea, huuleta. Katika maji ya zamani hizo mbili zilivutana, na kimea kikapata nafasi ya kufanya kazi. Katika maji mapya alkali ilibaki bila mpinzani. Alikuwa amemfukuza mlinzi akamwacha mwizi ndani.

Moyo ulimdunda. Papo hapo akaushuku. Nadharia ile ilikuwa nzuri mno, ilimpa kila alichokitaka, na hiyo peke yake ilikuwa sababu tosha ya kutoiamini.

Nyumbani alimweleza baba yake kwa maneno machache. Mzee alimsikiliza huku akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema.

"Sikupaki. Huenda ni maji, huenda ni wewe. Huenda ni vyote viwili. Ndiyo maana nataka tupime."

"Tunapimaje?"

"Fundi bomba hakuunganisha bomba la bustani na mtungi. Hakuna anayelainisha maji ya kumwagilia. Kwa hiyo nje bado kuna maji yako ya zamani. Jumamosi unapika sufuria mbili ndogo, kimea kilekile, moto uleule, wewe mwenyewe, mimi sigusi. Moja maji ya jikoni, moja maji ya bustani. Zote mbili zikikukataa, ni wewe."

Mzee alifikiri. "Usiniambie ipi ni ipi."

"Nilikuwa nakuja hapo."

"Nikijua, nitaipendelea ile ya bustani. Nitaikoroga kwa mapenzi."

"Na usionje maji."

"Sionji. Kwani mimi mwizi?"

Jumamosi asubuhi binti alijaza sufuria mbili zilizofanana kama pacha, akaweka alama ya chaki chini ya moja, akaziweka juu ya jiko la gesi lenye vichomeo vitatu. Kisha akavuta kiti hadi pembeni, akaketi, akaikalia mikono yake.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Mzee alipima kimea kwenye mizani ya jikoni, akamwaga kidogo sakafuni, akaokota. Mkono wa kulia ulitetemeka, akaushikilia kwa wa kushoto. Lakini alipoanza kukoroga, kitu fulani kilimrudia. Mwiko ulizunguka polepole ukigusa chini, ukipanda pembeni, ukivunja kila donge bila papara. Alikitazama kipimajoto, akapunguza moto, akasubiri, akapunguza tena. Hakuuliza lolote. Alipiga mluzi kidogo, akaacha. Uji wa kimea ulinukia mkate. Akazima moto chini ya sufuria zote mbili, akazifunika kwa blanketi, akazibana pembeni kama mtu anayemlaza mtoto.

"Sasa tunangoja," alisema, akaketi.

Kichomeo cha tatu kilikuwa bado kinawaka. Mzee alikuwa ameweka birika hapo ili apate maji ya kusuuzia kimea, na birika lilikuwa limeanza kuchemka. Binti aliliona. Mzee alikuwa amelipa mgongo, akisimulia jinsi kinyozi alivyowahi kunywa chupa ambayo hamira yake haijatulia, akapata kwikwi mbele ya mteja mwenye ndevu za bei mbaya. Simulizi ilikuwa nzuri. Birika likachemka kwa nguvu, mvuke ukapungua, sauti ikakauka. Binti aliendelea kuikalia mikono yake. Kila sehemu ya mwili wake ilitaka kusimama. Alijua kwamba akisimama mapema hatajua, na kwamba kutojua ndiko kulikowafikisha hapa.

Harufu ya chuma kinachoungua ilipoanza, alisimama, akazima gesi.

Mzee akageuka. Akaliona birika, akamwona binti yake, akaelewa.

"Ulikuwa umeniachia?"

"Nilitaka kuona kama utakumbuka."

"Sikukumbuka."

"Hukukumbuka, Baba."

"Ungeweza kuninong'oneza," alisema, bila hasira.

"Ningeweza."

Binti alijaza maji katika sufuria nyingine ndogo na kuyachemsha mwenyewe. Wakangoja mpaka muda wa blanketi ulipokwisha.

Mzee alifunua sufuria. Alichota kijiko kimoja kutoka kila sufuria, akamimina katika visahani viwili vyeupe, akadondoshea kila kimoja tone la aidini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, ambayo hugeuka nyeusi ikikuta wanga. Katika kisahani cha kushoto tone likatanda, likawa jeusi kama wino. Katika kisahani cha kulia likabaki kahawia, likielea, rangi ileile liliyotoka nayo chupani.

Mzee alichuja kila sufuria kivyake, akajaza gilasi ndefu kwa maji ya kushoto, akatia kipimo. Kikazama, kama kilivyozama mara tatu. Akakiosha, akamwaga, akajaza maji ya kulia. Kipimo kikashuka kidogo, kikasita, kikapanda, kikasimama shingo nje.

Mzee aliinama hadi jicho likawa sawa na mstari. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko usomaji unavyohitaji.

"Ya kulia ni ipi?" aliuliza, bado ameinama.

Binti aliinua sufuria, akatazama chini yake. Chaki ilikuwapo. "Bustani."

"Na hii nyingine?"

"Jikoni. Mtungi wangu. Ni mimi, Baba. Mikono yako haikukosea hata mara moja. Nilikuharibia maji."

Mzee akanyooka, akashika kiuno. "Nieleze kama unamweleza fundi chuma."

Akamweleza: uchachu ambao kimea kinautaka, alkali inayouua, kalsiamu inayouleta. Mzee alifuatilia kwa kidole hewani, kama anayefuata mchoro wa tangi.

"Kwa hiyo yale magamba niliyokuwa nayatukana kwenye birika..."

"Madini yaleyale ndiyo yaliyokuwa yanakupikia bia."

"Na ule ukakasi wa kinyozi?"

"Alkali hiyohiyo. Inakamua ganda la shayiri."

"Yaani umenilainishia mpaka bia." Alicheka, kicheko kifupi cha kifuani ambacho binti hakuwa amekisikia tangu hospitali. Kisha akauliza, "Uliuweka wa nini, huo mtungi?"

"Koki zilikuwa zimeganda kwa magamba. Nilijua utarudi na mkono mmoja. Nilitaka uweze kufungua maji bila kumwita mtu."

Mzee alikwenda kwenye sinki. Aliinua mkono wa kulia, ule mzito, akausukuma mpini wa koki kwa kidole kimoja. Maji yakatoka. Akaifunga koki kwa kidole kilekile.

"Inafunguka vizuri," alisema.

Binti aliona ni afadhali aoshe visahani. Alipomaliza, mzee alikuwa bado amesimama pale.

"Sasa sema na ile nyingine," alisema.

Angeweza kujifanya hamnazo. Kwa sekunde moja alitamani. "Birika halina mtungi wa kulaumiwa," alisema. "Uliliweka wewe, ukalisahau wewe."

"Kaka yako nitamwambia mwenyewe."

Jumapili kaka alifika kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, lakini aliingia kwa upole, akambusu baba yake kichwani, akatazama pembeni kutafuta masanduku.

"Mzee Povu, mizigo iko wapi?"

"Keti kwanza, bwana mkubwa."

Mzee akamsimulia. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Alianza na maji na kumaliza na birika, akalileta lenyewe, tako jeusi, akaliweka mezani mbele ya mwanawe. Kaka aliligeuza mara mbili.

"Makubaliano yetu yalisema nini?" aliuliza.

"Yalisema sufuria. Sufuria imenikubali."

"Na birika?"

"Birika limenikataa. Ndiyo maana nimekwambia. Nikificha, nyie mtakuwa mmelea mwongo uzeeni."

Kaka akamgeukia dada yake. "Na wewe, mtu wa vipimo, unasemaje?"

Binti alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Kazi ambayo mikono yake inaijua, anaiweza. Moto ambao hautazami, hauwezi. Hilo nimeliona, na ningeliona tena kesho." Akanyamaza. Kaka alidhani amemaliza. "Na mimi nataka abaki," akasema. "Hilo sikulipima."

Akatazama meza. Katika nyumba ile, kusema hivyo kulikuwa kama mtu mwingine kupiga magoti. Mzee akauweka mkono wake mzito juu ya wa binti, ukakaa hapo kwa uzito wake wote.

Kaka alikuna kidevu. "Chumba nimekipaka rangi," alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Nimeweka na taa karibu na kitanda."

"Rangi gani?"

"Samawati. Uliwahi kusema unaipenda."

"Naipenda," mzee alisema. "Nitakuja kulala humo. Bia hii ikiiva, naja nayo, nakaa mpaka mkeo anichoke. Lakini kuja kama mgeni, mwanangu. Si kama mzigo."

"Nani amekuita mzigo?"

"Umeuliza mizigo iko wapi."

Kaka alitaka kubisha, akajikuta anacheka. Alikaa kidogo akiwatazama wote wawili, na mkono ule juu ya mwingine. Kisha akainuka, akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni. Wakasikia anafunga vali, anafungua mpira, anahema. Alitoka amekumbatia mtungi wa gesi.

"Huu ndio ninaoondoka nao," alisema. "Kabla maduka hayajafungwa nawaletea jiko la umeme, la kujizima lenyewe. Na bia inapikwa huyu akiwa nyumbani. Jumamosi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," mzee alisema.

Wakamfuata hadi nje. Kaka alifungua mlango wa mbele wa gari. Kwenye kiti kulikuwa na mto aliouleta kwa ajili ya mgongo wa baba yake, kwa safari ndefu. Aliutazama, mtungi ukiwa bado mikononi.

"Shika huu," akamwambia dada yake.

Binti akauchukua mto. Kaka akauketisha mtungi wa gesi mahali pa baba, akavuta mkanda, akaufunga, akautikisa kuhakikisha hauchezi.

"Endesha taratibu," mzee alisema.